Mstari mweusi huja mwisho

Mwaka jana, katikati ya masika, mwanangu wa kiume ambaye wakati huo alikuwa na miaka 8 aliandika jina lake kwenye ukuta wa baraza ya nyumba tuliyopanga hapa Dar es Salaam, kwa makapeni nyeusi isiyofutika, na kwa herufi nene kiasi kwamba mwenye nyumba alizisoma akiwa bado getini. Sitasimulia yote niliyoambiwa siku hiyo. Nilinunua kopo la rangi ya maji nikapaka ukuta mikono mitatu, kwa sababu wino ule ulijitokeza upya kila rangi ilipokauka, na katika kazi hiyo ya kuchosha nikapata nafasi ya kuzitazama herufi zenyewe. Zilikuwa zimevimba kama maandazi, zimeegemeana, na ile ya mwisho ilikuwa na mkia uliopita chini ya jina zima. Mtoto ambaye daftari lake la mwandiko hurudi nyumbani limejaa wino mwekundu alikuwa amezipanga herufi 5 kwa uangalifu ambao sikuwahi kuuona katika daftari hilo.

Nilidhani dawa ni kumpatia michoro ya kupaka rangi ya grafiti, yaani ile sanaa ya maandishi na michoro ya ukutani. Nilipakua kurasa kadhaa kutoka intaneti, nikazichapisha kwenye steshenari ya jirani, nikampa pamoja na penseli za rangi. Alipaka mbili, ya tatu akaiacha nusu, kisha akarudi kwenye mpira. Kurasa hizo zilikuwa na makopo ya rangi yenye macho, viatu vya raba, na maneno ya Kiingereza yaliyosukwa kwa ustadi, lakini hakuna hata moja iliyokuwa na jina lake, na ilinichukua wiki nzima kutambua kwamba kasoro ilikuwa hapo.

Grafiti tunayoijua leo ilianza na majina. Mmoja wa waliojulikana mapema jijini New York alikuwa kijana mpeleka barua na vifurushi aliyeandika TAKI 183 kila alikopita, Taki likiwa jina lake la utani na 183 ikiwa namba ya mtaa aliokuwa akiishi. Gazeti la New York Times lilimwandikia habari mwezi Julai 1971, na baada ya hapo vijana wengi wakataka nao wasomeke. Sisi wenyewe tunalo neno linalotosha kabisa kwa jambo hilo, nalo ni chata, yaani alama ya mtu mwenyewe. Wachoraji wa grafiti wa hapa Dar es Salaam waliojiita Wachata Crew wamelibeba neno hilo ndani ya jina lao. Kumpa mtoto chata la mtu mwingine alipake rangi ni sawa na kumvika sare ya shule asiyosoma.

Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata nilikata karatasi ya manila vipande vinne, nikamwambia atuchoree majina ya nyumba nzima, nasi tutayapaka. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo limebadilisha kabisa namna tunavyofanya kazi hii. Katika kitabu cha kawaida cha kupaka rangi, mstari mweusi hukutangulia: umechapwa, umekauka, na kazi yako ni kutouvuka. Wachoraji wa grafiti hufuata mpangilio mwingine. Huanza na mstari hafifu wa kukisia umbo, hujaza rangi ndani, huongeza kivuli na unene wa herufi, na mstari mzito unaoikata herufi kutoka kwenye mandhari yake huja karibu na mwisho, ukifunika makosa yote ya rangi iliyomwagika nje. Binti yangu wa miaka 5, ambaye alikuwa hapaki chochote kwa kuogopa kutoka nje ya mstari, alipoelezwa kwamba mstari wenyewe bado haujaja, alijaza herufi zake kwa dakika chache bila kuniuliza swali hata moja.

Basi nitaeleza tunavyofanya, kwa sababu ndugu kadhaa wameniuliza. Tunaandika jina kwa penseli, kwa herufi kubwa za kawaida na kwa mkono mwepesi, tukiacha nafasi ya vidole viwili kati ya herufi na herufi. Kisha tunazungusha mstari wa pili kuzunguka kila herufi, kana kwamba mtu anaijaza upepo, hadi zigusane na nyingine ijifiche kidogo nyuma ya mwenzake. Umbo hili la puto husemekana lilibuniwa na mchoraji wa Bronx, huko huko New York, aliyejiita Phase 2, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hadi leo ndilo rahisi kuliko yote kwa mtoto. Mifupa ya ndani, yaani zile herufi za kwanza za penseli, inafutwa. Matundu ya A na B yabaki madogo kama punje ya dengu, kwa kuwa herufi iliyovimba haina nafasi ya tundu kubwa. Rangi huanzia ile nyepesi kuelekea nzito: manjano juu, chungwa katikati, nyekundu chini, zikipandana kidogo kwenye mipaka, na penseli za rangi ndizo zinazokubali mchanganyiko huo vizuri zaidi kwa sababu unaweza kurudia tabaka juu ya tabaka.

Unene wa herufi ndio unaowashinda wengi, wakubwa kwa wadogo. Lazima uchague upande mmoja, tuseme chini kulia, na kila kona ya kila herufi itoe mstari mfupi kuelekea upande huohuo, kisha miisho ya mistari hiyo iunganishwe na nafasi ijazwe rangi ya giza. Shemeji yangu, ambaye ni fundi seremala na alitarajiwa kutushinda sote, alielekeza herufi mbili kulia na mbili kushoto, na jina lake likaonekana kama meza iliyovunjika miguu. Mwishoni huja makapeni nyeusi, halafu madoa machache ya wino mweupe wa kufutia makosa, yakiwekwa upande ulio kinyume na kivuli ili herufi ing'ae.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 hupenyeza wino wa makapeni hadi kwenye meza, hivyo weka boksi lililokatwa chini yake au tumia manila. Kreyoni za nta ni nzuri kwa kujaza, lakini nta huziba ncha ya makapeni inayopita juu yake, na nimepoteza makapeni mbili kabla ya kukubali kwamba kosa halikuwa la muuzaji. Rangi ya kupuliza ya makopo siiruhusu ndani ya nyumba kabisa. Mvuke wake unahitaji barakoa maalumu na uwanja wa wazi.

Mama yangu alikuja kukaa nasi mwezi Juni, akiwa bado hapati usingizi vizuri tangu alipofiwa na dada yake. Wajukuu walimwandikia BIBI, naye akaipokea karatasi kwa adabu kama mtu anayepokea chai asiyoihitaji. Baada ya saa moja bado alikuwa nayo. Hakujaza rangi kutoka manjano hadi nyekundu kama tulivyomfundisha. Kila herufi aliigawa kama kanga, akaweka pindo pembeni, na mji katikati, na ndani ya mji akachora korosho. Alipoambiwa kwamba sasa imebaki kuandika ujumbe, alijibu kwamba ujumbe ndio hizo herufi zenyewe. Nilikumbuka utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 ambapo wanafunzi 84 wa chuo, baada ya zoezi la kuwatia wasiwasi, walipewa dakika 20 za kupaka rangi: waliopewa michoro yenye mpangilio walitulia zaidi kuliko waliopewa karatasi tupu. Sijui kama herufi za puto zinahesabika, lakini bibi wa watu alilala mchana ule, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu afike.

Swali la ukuta hata hivyo halikuisha. Mwanangu aliona picha za treni ya Nairobi iliyochorwa ujumbe wa amani na wachoraji wa Kibera kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, akaniuliza kwa nini wao waliruhusiwa kuchora behewa zima na yeye akakatazwa baraza. Nilimjibu kwamba waliomba ruhusa kwa kampuni ya reli, wakapewa. Alifikiri kidogo, akataka kwenda kumwamkia mwenye nyumba. Nilimzuia, nikamgeuzia ubao wa plaiwudi uliokuwa nyuma ya kabati, na sasa ubao huo ndio ukuta wake: unapakwa rangi nyeupe kila ukijaa, na yeye huanza upya.

Siku hizi ameziacha herufi za puto kwa mdogo wake. Anasuka herufi zake kwa mishale, anazipitisha juu na chini ya nyingine kama ukili, na juzi aliniletea karatasi ambayo niliigeuza mara tatu bila kuisoma. Akasema, "Hilo ni wewe, Mama." M zote mbili nimeshaziona; A moja bado naitafuta.