Padre aliniuliza kama nalala

Mwaka jana miezi kama mitatu hivi sikua sawa kabisa, yani naamka saa tisa usiku nakodolea neti macho mpaka nasikia adhana ya alfajiri, mchana nacheka na watu kazini, jioni naingia bafuni nafungulia maji kwa nguvu ili nilie wasinisikie. Hospitali naogopa. Hapa Dodoma, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, ukitamka tu daktari wa akili mtu anadakia "Mirembe?" huku anacheka, na likishakuganda hilo halibanduki.

Shosti akanipeleka kwenye maombezi. Nikashikwa kichwa, nikasukumwa, nikaambiwa nina roho ya mauti na imani yangu ndogo. Nimerudi home shingo inauma, hali ileile, na sasa najiona na mkosaji juu.

Ndo nikamfata padre wetu. Sikua na cha kuungama, nimekaa tu pale ofisini kwenye kiti cha plastiki nikasema Padre nimechoka. Nikajua hapa inakuja Zaburi. Akalaza simu yake kifudifudi, "Binti, unalala? Leo umekula nini?" Tangu jana yake nilikua na chapati moja tumboni. Akamwita mama wa jikoni, ukaja wali maharage, nikala mbele yake kamasi zinatiririka, aibu ilishaniisha.

Ndo akanikumbusha Eliya, 1 Wafalme 19, nabii mzima kajikalia chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Hiyo stori naijua tangu mafundisho ya komunyo lakini sijawahi kuona kwamba malaika hakumhubiria, kamwamsha ale mkate anywe maji, kalala tena, kaamshwa tena kala. Maswali Mungu alimuuliza baadae kabisa, kule Horebu.

Kisha akaniambia yeye kusikiliza anaweza ila dawa haandiki, na kuna daktari anamfahamu. Siku ya kwanza alinisindikiza mwenyewe, kavaa jezi ya Yanga watu wasishtuke (mimi Simba, nikavumilia). Daktari akasema ni sonona, nikaanza dawa, na kila Alhamisi bado napita kwa Padre tunaongea nusu saa.

Sasa hizo Alhamisi zimeonekana. Juzi baada ya jumuiya mama mwenyekiti kanivuta pembeni, kanishika mkono, ananong'ona, "Hongera mwanangu, wito ni neema. Unaingia shirika gani la masista?"