Eti ni stima

Mgeni aliinama mbele ya skrini, akayahesabu yale mabonde matatu kwa kidole bila kuigusa, akasema, "Madam, hizi tatu ni stima yenu ya Nairobi." Nikamwambia, "Hilo tulilipima, Prof." Akasema, "Basi sawa," akamgeukia Fundi kuuliza kama mandazi yamepikwa hapa hapa au yamenunuliwa.

Ni hayo tu: sisi tunasema mabonde hayo ya grafu ni alama ya kiini cha nitrojeni kilichomo ndani ya almasi, yeye anasema ni kelele za umeme wa ukutani. Wiki hii alama zimepita bodi, mgomo umeahirishwa tena, shemeji amepata ile kazi ya Mombasa baada ya yote mliyosoma hapa, na mimi bado niko kwenye "basi sawa". Imenifuata kutoka kwenye matatu hadi jikoni. Kutia shaka ni haki yake, tena ndiyo kazi aliyoitiwa. Lakini mtu akishatia shaka, si angoje jibu? Jibu lenyewe nimeshalitunga kwa namna nyingi, zote ndefu kuliko chai ya saa nne.

Ningeanza na almasi yenyewe. Mle ndani, mahali palipopaswa kukaa atomu mbili za kaboni zilizo jirani, moja haipo, pamebaki shimo, na nafasi ya ya pili imechukuliwa na nitrojeni. Shimo na nitrojeni yake ndivyo tunavyoita kituo, na mstari unaoviunganisha ndio mhimili wake, ambao ndani ya almasi unaweza kuelekea pande nne. Elektroni zilizonaswa hapo hazina pa kwenda upande wowote. Ukizimulika kwa leza ya kijani, zinang'aa wekundu. Ukizipigia maikrowevu ya megahetzi 2870, wekundu ule unafifia kwa asilimia 1 au 2, na kufifia huko ndiko bonde kwenye grafu. Sumaku hulipasua bonde hilo: kila militesla moja (tesla ni kipimo cha uga wa sumaku) iliyoelekea mhimili wa kituo husogeza kipande kimoja megahetzi 28 juu ya 2870 na kingine megahetzi 28 chini yake. Uga wa sumaku wa dunia hapa Nairobi ni kama mikrotesla 33, hausogezi hata megahetzi moja kamili, kwa hiyo lazima ulete sumaku yako mwenyewe ili vituo vya mihimili minne viachane. Vikishaachana, lichague bonde moja ulikaribie polepole. Utakuta si moja. Ni matatu, yametengana megahetzi 2.16, kwa kuwa kiini cha nitrojeni-14 kina spini 1, yaani ni kama sumaku ndogo, kinaweza kulala kwa namna tatu, na elektroni huhisi kila namna kama uga tofauti kidogo.

Sasa hesabu ya stima, ambayo nimeifanya kwa niaba yake. Stima yetu ni ya hetzi 50, duru moja kila milisekunde 20. Mtu akipandisha masafa ya maikrowevu kwa hatua za megahetzi 0.1 na kukaa milisekunde 1 kwenye kila hatua, duru ya stima itajichora kila baada ya hatua 20, yaani kila megahetzi 2.0. Mbili nukta sifuri! Sisi tunatafuta 2.16. Leza ikiyumba na stima utapata mawimbi yanayofanana sana na kiini cha nitrojeni, na ukiwa na hamu ya kutosha utayaita hivyo. Nilipofikia namba hiyo Jumatano usiku, hasira ilipungua. Mzee hakuwa anatutukana. Huenda aliwahi kuliona hilo mahali, likamchoma mtu.

Ila sisi hatukai milisekunde 1. Tunakaa 20, kwa makusudi, ili duru nzima ya stima ijifute ndani ya kila nukta. Na hata mtetemo wa hetzi 100 ambao pawa saplai huvujisha ungeingia humo duru mbili kamili, nao ungejifuta. Imeandikwa pembeni mwa grafu. Asiyeamini abadilishe muda huo, aweke 20, kisha 27, kisha 40, halafu abadilishe na ukubwa wa hatua: kilichotoka kwenye stima kitahama, kilichotoka kwenye kiini hakitahama. Asogeze sumaku: mabonde yote matatu yatasafiri pamoja, na nafasi kati yao itabaki ile ile. Atazame pia megahetzi 65 kila upande, ataona vibonde viwili hafifu. Hivyo ni vya vituo ambavyo mmoja wa majirani watatu wa lile shimo ni kaboni-13, kaboni nzito kidogo ambayo kiini chake nacho kina spini. Kaboni-13 ni asilimia 1.1 ya kaboni ya kawaida, majirani ni watatu, kwa hiyo vituo kama 3 katika kila 100 vina jirani wa aina hiyo. Stima haijui hesabu hizo.

Halafu Alhamisi stima ikapotea jengo zima.

Leza na amplifaya vinakula betri ya gari ya volti 12, kwa sababu pawa saplai zote tulizonazo zinanguruma, na bodi ya maikrowevu inakula kwenye laptopu. Taa zikazimika, feni ikasimama, grafu ikaendelea kujichora. Tatu. Fundi akasema, "Madam, mpigie simu." Tulicheka mpaka askari wa mlangoni akaja kuuliza kuna nini. Sikupiga, lakini tangu hapo naweza kuirudia ile "basi sawa" bila kukunja uso, na nimeanza hata kukubali kwamba swali lake ndilo swali sahihi. Grafu nyingi za aina hii ninazoziona hazisemi mpimaji alikaa muda gani kwenye kila hatua. Zinapaswa kusema.

Kwa mnaouliza vifaa kila mara: leza ya dayodi ya nanomita 520 inatosha, miliwati 50 hadi 100, miwani ya kinga ikiwa usoni na si mfukoni. Mbele ya fotodayodi, kile kipima mwanga, weka kichujio kinachopitisha nanomita 650 na kuendelea, la sivyo utapima kijani chako mwenyewe. Maikrowevu yanafika kwenye almasi kwa kitanzi cha waya wa shaba chenye upana wa milimita mbili tatu, kilichochomelewa moja kwa moja kwenye soketi ya kebo. Fotodayodi, kebo na betri zinapatikana barabara ya Luthuli, mjini. Almasi na kichujio itabidi uagize nje. Kishikio cha sumaku kichongwe kwa aluminiamu. Mafundi wa Kamukunji watakitengeneza vizuri kuliko katalogi yoyote, lakini simama hapo hapo, maana skrubu ya chuma ikipenya tu, uga unapinda na utautafuta mhimili hadi jioni.

Mabonde matatu yakikataa kuachana, mara nyingi almasi ndiyo yenye neno. Zile za bei nafuu zilizotengenezwa kwa shinikizo kubwa zina nitrojeni 100 au zaidi katika kila atomu milioni, na elektroni za nitrojeni hizo zinasumbua vituo kiasi cha kulitanua kila bonde kufikia megahetzi 3 hivi. Tatu zenye upana huo zikipangwa kila 2.16 zinakuwa bonde moja nene. Tafuta almasi iliyokuzwa kwa gesi, yenye nitrojeni chache katika milioni, na hapo kinachobaki kutanua ni kaboni-13, kama megahetzi 0.3. Mkosaji wa pili ni tamaa ya maikrowevu: ukiyaongeza ili bonde lizame zaidi, linatanuka pia. Punguza mpaka uanze kuona haya kwa udogo wa bonde, kisha subiri wastani ujijenge. Wa tatu ni joto. Ile 2870 hushuka kilohetzi 74 kwa kila kelvini moja, kwa hiyo leza ikiipasha almasi kelvini 10 bonde limeshahama megahetzi 0.74, theluthi ya nafasi unayoitafuta. Acha kila kitu kiwe kimewaka nusu saa kabla ya kupima.

Waliosoma nami watauliza kwa nini mtu aliyeandika tasnifu ya vitone vya galiamu-aseniki, chembe za semikonda zinazonasa elektroni moja moja, anahangaika na almasi, na hawatakosea kuuliza. Kule, elektroni moja iliyobanwa pande zote inagusana na viini kama milioni, kila kimoja na spini yake ya 3/2, na hakuna isotopu (aina ya atomu kwa uzito wake) thabiti ya galiamu wala ya aseniki isiyo na spini ambayo ungekimbilia. Viini vyote vikilala upande mmoja, elektroni ingeona uga wa tesla kama 5. Havilali. Kila kimoja kinakwenda kivyake, na kinachobaki ni ile 5 ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha milioni: militesla 5 zinazobadilika ovyo, na elektroni inapoteza hesabu yake ndani ya nanosekunde kama 10. Watu wa silikoni wana afueni, silikoni-29 ni asilimia 4.7 tu na inaweza kuchujwa. Wa galiamu hawana pa kuchuja. Isitoshe, ule utafiti unataka baridi ya milikelvini, na hapa baridi kali kuliko zote ni ya Julai. Nitrojeni ya kwenye almasi ni kiini kimoja, kipo mezani, na kinaonekana kwenye joto la chumba.

Tena kinaweza kuamrishwa, na hilo ndilo ninalolitaka sasa. Mwaka 1953 mwanafizikia Overhauser alisema ukizichokoza elektroni za metali kwa maikrowevu, viini vitajipanga kupita kiasi ambacho joto lingeruhusu. Wakubwa wa fani walikuwa na shaka. Carver na Slichter wakalionyesha kwenye lithiamu mwaka ule ule. Hapana, sijilinganishi. Yeye alikuwa na nadharia, mimi nina betri ya gari.

Katika almasi njia ni nyingine kidogo. Elektroni ikiwa imepandishwa na leza, mpasuko wa ngazi zake za nishati si megahetzi 2870 tena, ni 1420, kwa hiyo uga ukifika militesla 51 ngazi mbili zinakutana, na elektroni na kiini vinaweza kubadilishana spini bila gharama. Leza inairudisha elektroni mahali pake, kiini kinabaki na kilichopewa, mchezo unarudiwa mamilioni ya mara. Mwishowe viini vingi vinalala upande mmoja, na kwenye grafu bonde moja la pembeni linazama huku mengine mawili yakififia. Stima ifanye hivyo tuone.

Shida ni kufika huko. Mhimili usipolingana na uga kwa nyuzi moja hivi, kubadilishana kunavurugika na mabonde yanabaki sawa kwa sawa. Bonde lenyewe linashuka hadi megahetzi 1440, na amplifaya yetu, iliyozaliwa kwa ajili ya Wi-Fi, huko chini haina nguvu. Baya zaidi ni sumaku. Neodimiamu hupoteza kama asilimia 0.11 ya nguvu yake kwa kila kelvini, jambo ambalo kwenye militesla 2 hulioni, lakini kwenye 51 ni megahetzi 1.6 kwa kelvini moja. Jua la saa tisa likipiga dirisha, bonde linatembea karibu nafasi nzima ya nitrojeni kabla wastani haujaisha. Pazia limesaidia. Kilichosaidia zaidi ni kutojumlisha mizunguko ya kupima kama ilivyo: kila mmoja unachukua sekunde 3, tunatafuta katikati yake kwanza, tunaupanga juu ya wenzake, ndipo tunajumlisha. Mpaka jana bonde la pembeni limeanza kuzama kuliko wenzake, si sana, na nadhani pembe ndiyo iliyobaki. Fundi anataka kukata kishikio kipya chenye skrubu za shaba nyeupe zinazosogea robo milimita.

Mama anafika kesho, na maji hayajaingia mtaani tangu katikati ya wiki. Nimeligonga tangi la juu, linalia tupu mpaka karibu na chini. Wa mkokoteni hashiki simu, na mara ya mwisho bowza lilikataa kushuka barabara yetu kwa sababu ya matope. Kuna mwenye namba ya dereva asiyeogopa matope?