Siku moja maishani mwangu: wiki ya mwisho ya Juni, Chake Chake

Saa 1:30 asubuhi. Kazi yangu ni hesabu na maandiko ya miradi ya wafadhili katika ofisi ya wizara hapa Pemba. Kabla ya kompyuta kuwashwa, hufunguliwa daftari la masurufu, yaani fedha anazokabidhiwa mtu kwa shughuli kisha azitolee hesabu: nani kachukua, kiasi gani, kwa shughuli ipi, na anatakiwa kurejesha lini. Wiki hii daftari hilo ndilo linaloamua kama Julai programu inayofadhiliwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa itakuwa na fedha au itakaa. Tarehe 30 Juni Serikali inafunga mwaka wake wa fedha, na siku hiyohiyo inakwisha robo ya pili ya mashirika hayo, maana mwaka wao unaanza Januari. Wao wako nusu ya safari, sisi tunafunga vitabu.

Saa 2:30. Fomu ya FACE. Ndiyo karatasi ambayo wizara huitumia kulieleza shirika fedha za robo iliyopita na kuomba za robo inayofuata. Safu A ni kiasi kilichoidhinishwa, B ni matumizi halisi, E ni ombi jipya. C na F tusiziguse: hizo shirika linalotoa fedha linajaza lenyewe, ya kwanza kuonyesha matumizi liliyoyakubali, ya pili kiasi lilichokiidhinisha. Kila mstari wa fomu ufanane na mstari wa mpangokazi uliosainiwa, kwa maneno yaleyale. Ukiandika "semina" pale palipoandikwa "mafunzo", fomu itarudi.

Kwa UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, mgawo mpya wa fedha hautoki mpaka asilimia 80 ya mgawo uliopita iwe imetolewa hesabu, na migawo yote ya nyuma yake iwe imefungwa kabisa. Tuchukue mfano. Zilipokelewa sh. 48,000,000. Asilimia 80 yake ni 38,400,000. Vitabuni mna matumizi ya 36,100,000, yaani asilimia 75.2. Zinakosekana 2,300,000.

Hapa ndipo maafisa wengi, hata wazoefu, wanapojikwaa. Wanaona salio dogo benki, wanaamini wameshatumia vya kutosha. Lakini masurufu yaliyoko mkononi mwa mtu si matumizi, ni deni lake kwa ofisi. Na hati ya kuagizia kompyuta za sh. 6,500,000 ambazo hazijafika bohari ni ahadi tu. Haiingii safu B hata kama mzabuni ameapa zimo njiani. Inayohesabika ni shughuli iliyofanyika, ikalipwa, ikawa na vielelezo.

Saa 4:00. Chai na mkate wa kumimina, dakika kumi.

Saa 4:10. Basi hizo 2,300,000 ziko wapi? Katika mfano wetu ziko Micheweni, kwenye mafunzo ya siku tatu ya watu 40. Nauli sh. 10,000 kwa mtu kwa siku, jumla 1,200,000. Chakula na ukumbi 1,200,000 nyingine. Masurufu ni 2,400,000. Anayerejesha analeta bahasha, na bahasha inasomwa hivi: orodha ya mahudhurio ya kila siku inawekwa ubavuni mwa orodha ya malipo. Siku ya tatu wamesaini 37, lakini nauli imetolewa kamili. Sh. 30,000 za watu watatu zinarudi benki leo, na hati ya benki inabanwa pamoja na marejesho. Kisha risiti ya chakula: ina jina la ofisi? Tarehe yake imo ndani ya siku za mafunzo? Kiasi kinalingana na hati ya malipo?

Yakipita yote, yanaongezeka 2,370,000. Jumla 38,470,000, asilimia 80.1. Risiti ile moja ya chakula na ukumbi ikikataliwa tunaanguka hadi 77.6, na robo nzima inasimama: wahudumu wa afya wa jamii hawatembelei kaya Julai, pengine wala Agosti. Kwa hiyo kuikagua risiti si ukorofi wa mhasibu, na ningependa wenzetu wa idara za kitaalamu waliamini hilo.

Saa 6:00. Simu ya Unguja.

"Asalaam alaykum, ndugu yangu. Fomu itamkuta Katibu Mkuu?"

"Waalaykum salaam. Yupo mpaka Alhamisi. Lakini sahihi iliyoko kwenye shirika bado ni ya aliyeondoka."

Hilo hutokea kila baada ya uteuzi. Shirika lina kumbukumbu ya sahihi za wanaoruhusiwa kuomba fedha; kiongozi akibadilika na barua ya kubadilisha sahihi haijapelekwa, fomu iliyo sahihi kila herufi inarudishwa. Afisa Mdhamini, mkuu wa wizara hapa Pemba, anapitisha na kupeleka, lakini sahihi inayotakiwa ni ya makao makuu. Barua inaandikwa sasa hivi, kabla ya adhuhuri.

Saa 7:30 mchana. Andiko la mradi mpya wa maji. Jambo la kwanza la kutazama: ni ruzuku au mkopo? Mikopo ya nje ni jambo la Muungano kwa Katiba ya 1977, hivyo andiko la mkopo lisilotaja njia ya Hazina ya Muungano halijaanza safari. La pili ni mchango wa Serikali. Ofisi na mishahara ni mchango, sawa, lakini ukiahidi fedha taslimu lazima zionekane kwenye fungu la wizara kabla bajeti haijapita Baraza la Wawakilishi. Ikishapita, unangoja mwaka mwingine. Halafu VAT: Zanzibar kiwango cha kawaida ni asilimia 15, na andiko liseme wazi nani anailipa au msamaha utaombwa vipi.

Linalonikera zaidi ni ukurasa usiokuwemo. Mfadhili anachimba kisima na kufunga pampu. Bili ya umeme inaanza mwezi wa kwanza, kwa jina la taasisi ya Serikali, na haimo kwenye bajeti ya mtu yeyote. Nimeandika pembeni kwa wino mwekundu: gharama za uendeshaji kwa miaka mitatu baada ya mradi, fungu gani, kifungu gani. Bila jibu sipitishi.

Saa 9:30 alasiri. Nakala za fomu zimeshapigwa picha na kutumwa. Risiti halisi shirika halizichukui. Zinabaki serikalini kumngoja Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, kwa hiyo zimepangwa kwa namba za hati na kutiwa kwenye faili la kwenda Unguja. Kusi inavuma, boti inaweza kuchelewa. Faili limefungwa kwenye nailoni mbili, na seti ya vivuli iko kabatini.