Kupiga rangi gari nyumbani: kazi iko kwenye msasa

Rangi haifichi kitu. Mkwaruzo ulioachwa chini ya praima (rangi ya kwanza ya kushikiza) utarudi kuonekana kliya, yaani koti la juu linaloangaza, ikikauka, kwa hiyo muda wako mwingi uishie kwenye msasa. Puti, ile ya kujazia mabonde, isawazishe kwa msasa namba 80 (namba ndogo ndiyo inayokwaruza zaidi), kisha 180, bila maji kabisa kwa sababu inayanyonya na baadaye rangi huvimba. Praima ipige msasa 400 na umalizie na 600. Ukiruka kutoka 80 kwenda 400, mistari itabaki.

Kabla ya kupuliza, futa bodi kwa dawa ya kuondoa mafuta na usiiguse tena kwa mkono mtupu. Vile vishimo vya duara vinavyotokea rangi ikiwa mbichi ni mafuta au silikoni, mara nyingi ya kung'arishia dashibodi. Kwa walio Dar au Mombasa, unyevu ni adui mkubwa: funga kichujio cha maji kwenye mpira wa kompresa (mashine ya kusukuma hewa) na umwage maji ya tangi kila unapoanza kazi.

Rangi ya msingi, koti 2 au 3 nyepesi, dakika 10 hadi 15 katikati. Bunduki ya kupulizia iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bodi, kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia. Mkono ukisimama, rangi inachuruzika. Kliya nyingi huchanganywa 2 kwa 1 na hadina (dawa ya kuigandisha), lakini fuata maelezo ya kopo.

Na jamani, hadina hiyo ina isosianati, kemikali inayoumiza mapafu. Kitambaa cha puani hakizuii. Vaa barakoa inayoziba uso vizuri yenye vichujio vya mvuke wa rangi, acha hewa ipite, watoto wakae mbali.