Kovu la Bibi

Picha yenyewe ilikuwa ya ukubwa wa postikadi, nyeusi na nyeupe, imegeuka manjano kingoni, nyuma imegongwa muhuri wa studio na mwaka: 1958. Bibi mzaa mama amesimama mbele ya pazia lililochorwa nguzo na bustani, mkono ameuweka juu ya kistuli chenye chombo cha maua, kipini kinamemeta puani. Mama aliitunza kwenye kopo la biskuti, lakini unyevu wa Tanga hauheshimu kopo. Doa lilishafika begani. "Kabla halijafika usoni," akaniambia, "hebu nichoree mama yangu."

Kupiga mistari juu ya picha sikuthubutu. Nikatafuta plastiki angavu, nikaichora miraba ya sentimita moja moja, nikaitandika juu yake. Kwenye karatasi ya A3 kila mraba ukawa na sentimita tatu. Uzuri wa miraba ni kwamba hushughuliki na jicho. Unafuata tu mstari unaoingia mraba huu na kutokea ule, na jicho unalikuta limekaa mahali pake.

Kilichonitoa jasho ni ngozi. Wengi wakimchora mtu mweusi hukamata 6B, penseli laini na nyeusi sana, wakaupaka uso wote giza, mtu akatoka kama katoka jikoni kwenye masizi. Ngozi yetu inang'aa bwana! Paji la uso, ncha ya pua, mfupa wa shavu, vyote vinataka kuachwa karibu na weupe wa karatasi. Nikaanza na HB iliyo hafifu, nikaja 2B taratibu, 6B nikaiwekea mboni, matundu ya pua na nywele tu. Chini ya kiganja nikaweka karatasi nyingine ili jasho lisichafue kazi.

Mama alipoiona alinyamaza kidogo. "Umeweza. Lakini siye."

"Siye vipi, Mama?"

"Kovu liko wapi?"

Bibi alikuwa na kovu juu ya nyusi ya kushoto, aliangukia mbuzi ya nazi akiwa mtoto. Nikaichukua picha, nikaitazama kwa kioo cha kukuzia. Hakuna kovu, ngozi laini tu.

Mzee mmoja wa Ngamiani aliyewahi kufanya kazi za studio ndiye aliyenifumbua macho. Zamani, akasema, negativu, ile filamu inayotolewa picha, haikusafishwa hivi hivi. Kovu jeusi usoni kwenye negativu linakuwa jeupe; fundi alichonga penseli hadi ncha iwe sindano, akalijaza pale weupe ule, mwanga ukazuiwa, na kwenye karatasi kovu halikuonekana tena. "Kwa hiyo uso wa bibi yako," akacheka, "penseli ilishaupitia kabla ya yako."

Nikarudi nyumbani na kumkalisha Mama. Hakuwa na maneno ya kulieleza, akaniwekea kidole kwenye nyusi yangu mwenyewe, akakivuta pole pole kwenda juu, akakipindisha kidogo mwishoni. "Mpaka hapa." Nikalichora kwa 4B, nikalififisha upande wa chini. Mama akaitikia kwa kichwa, akaenda kupika.

Kisha akaja mama mdogo kutoka Pangani. Kufika tu, kabla hata ya kuvua viatu: "Nani kamrudishia Mama kovu? Maisha yake yote alikuwa akishusha mtandio mpaka hapa lisionekane!"

Kusema kweli, alikuwa na hoja. Picha ilipigwa kama Bibi alivyotaka kuonekana, na mimi na Mama hatukumuuliza. Ila Mama naye hakukua akimtazama mwanamke wa studio. Ikabidi nichore nyingine, ya mama mdogo, isiyo na kovu.

Siku ya kuichukua wakaziweka mbili kando kando mezani.

"Huyo wako wa studio," Mama akasema. "Wangu ndiye aliyenizaa."

"Aliyekuzaa," mdogo wake akamjibu huku akiizungushia yake gazeti, "ndiye aliyetoa hela lisionekane."