Filimbi Haipimi Nia

Jumamosi nyingi kati ya Machi na Septemba mimi huamka hapa Umoja, Nairobi, kabla ya jua kuchomoza, nikateleka maji ya chai, nikaegemeza simu kwenye kopo la sukari na kuanza kutazama kandanda ya Australia, yaani watu wa Melbourne wakigombea mpira wenye umbo la yai. Kwa sehemu kubwa ya msimu wao wametutangulia kwa saa 7, kwa hiyo mechi inayoanza kwao mchana huwa inanikuta kabla mandazi ya jirani hayajaiva, na fainali ya mwisho wa Septemba, ambayo huchezwa katika uwanja wa MCG mbele ya watu karibu 100,000, kwetu huanza saa moja na nusu asubuhi. Mke wangu amekwisha kuyazoea hayo yote isipokuwa jambo moja, nalo ni kelele ninazompigia mwamuzi aliye bara jingine na asiyeweza kunisikia.

Aliyeniingiza katika mchezo huu ni binamu yangu anayeishi Adelaide. Alinitumia picha ya mchezaji mmoja akiwa ameruka juu ya mabega ya wenzake, na chini yake akaandika neno moja tu: Kakuma. Mchezaji huyo ni Aliir Aliir, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kule Turkana, mwaka 1994, kisha akahamia Australia na familia yake akiwa bado mtoto. Alianza na timu ya Sydney, akaenda Port Adelaide, na mwaka 2021 akateuliwa katika kikosi bora cha AFL, ligi kuu ya mchezo huu. Tangu siku hiyo Port Adelaide imekuwa timu yangu, kwa sababu ile ile inayowafanya Wakenya wengi kuishangilia klabu ya Ulaya pindi inapomsajili kijana wa nyumbani.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, kila timu huwa na wachezaji 18 uwanjani, hakuna kuotea, na kila upande una milingoti minne. Mpira uliopigwa teke ukipita kati ya ile miwili mirefu ya katikati, timu hupata pointi 6. Ukipita kando yake au ukiugusa mlingoti huo, hupata pointi 1. Mwenye mpira haruhusiwi kuutupa: ama aupige teke, ama aushike kwa mkono mmoja na kuupiga kwa ngumi ya mkono wa pili, na akikimbia nao lazima audundishe chini angalau mara moja kila mita 15. Uwanja unaweza kufika urefu wa mita 185, na tangu mwaka 2023 waamuzi wa kati wanaokimbia ndani yake wameongezwa kutoka 3 hadi 4, mbali na wale wa pembeni na wale wa golini.

Mimi mwenyewe hupuliza filimbi katika mechi za vijana wa mtaa, kandanda ya kawaida kwenye uwanja wa vumbi, ambako malipo ya refa ni soda moja na matusi yasiyohesabika. Labda ndiyo sababu hasira yangu ya asubuhi haidumu. Nikiisha kutulia na kuitazama picha ya marudio, mara nyingi naona kwamba mwamuzi hakukosea kwa uzembe, bali alitakiwa kuamua jambo ambalo hakuna jicho la binadamu linaloweza kuliona, yaani mchezaji alikusudia nini.

Chukua sheria ya kung'ang'ania mpira, ambayo huzua ghasia kuliko nyingine zote, hata uwanja mzima hupaza sauti kwa neno moja, "Mpira!", kila mchezaji anapokabwa. Sheria inasema kwamba aliyekabwa baada ya kuwa na nafasi ya kuutoa mpira lazima autoe mara moja kwa njia halali, la sivyo ataadhibiwa. Aliyekabwa kabla ya kupata nafasi hiyo anatakiwa tu kujaribu kwa dhati. Sasa mtu amelala kifudifudi, watu watatu wamemlalia mgongoni, mkono mmoja umebanwa na mwingine unapapasa nyasi. Je, anajaribu kwa dhati, au anaigiza kujaribu ili mchezo usimamishwe? Katikati ya msimu wa 2024 ligi iliwaagiza waamuzi wapunguze muda wanaompa mchezaji aliyekabwa, na wikendi iliyofuata tendo lililokuwa halali siku chache kabla likawa kosa. Mashabiki waliwazomea waamuzi, ilhali wao walikuwa wametii tu agizo la wakubwa wao.

Kwa mpira unaotoka nje mambo yalikuwa vivyo hivyo. Zamani aliadhibiwa aliyeutoa makusudi. Baadaye ligi ikalegeza maneno ili kumkamata pia yule ambaye hakuonyesha nia ya kutosha ya kuubakisha ndani. Nilipolisoma jambo hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu ndani ya matatu ya Barabara ya Jogoo, kwa sababu ni sawa na kumwambia kondakta amtoze nauli zaidi abiria ambaye hakuonyesha nia ya kutosha ya kushuka. Ligi ya jimbo la Australia Kusini ilichoshwa na mchezo huo wa kubahatisha, na mwaka 2016 ikaamua kwa wepesi kwamba aliyeutoa mpira nje kwa teke au ngumi ndiye anayeupoteza, awe amekusudia au hakukusudia. Ligi kuu imechukua miaka mingi kuifuata, na hata sasa, kwa mabadiliko ya msimu wa 2026, imeikubali kanuni hiyo kwa eneo la kati tu. Wapo wanaolalamika kwamba anaadhibiwa mtu ambaye teke lake lilimponyoka tu. Ni kweli, lakini hata mchezaji wa kandanda aliyeteleza hupoteza mpira wa kurusha na hakuna anayelia.

Tusisahau ile kanuni ya mwaka 2022 dhidi ya kubishana na mwamuzi, ambayo adhabu yake ilikuwa kusogeza mpira mita 50 kuelekea goli la mbishi. Nikiwa refa wa soda moja niliipokea kwa shangwe. Shangwe ilipungua nilipoona mtu akiadhibiwa kwa kunyoosha mikono pembeni kwa mshangao, kwani hapo tena mwamuzi alitakiwa kufasiri mikono: hii ni ya kuuliza, hii ni ya kudharau.

Nakiri kwamba kuna makosa ya macho matupu, na hayo siyatetei. Katika fainali ya 2009 Geelong walipewa goli la Tom Hawkins ilhali mpira ulikuwa umeugusa mlingoti, wakaishinda St Kilda kwa pointi 12, na kufikia mwaka 2012 ligi ikaanza kutumia picha za video kuthibitisha magoli. Ungedhani mambo yameisha. Agosti 2023, timu ya Adelaide ikiwa nyuma kidogo dhidi ya Sydney na mechi ikikaribia kumalizika, Ben Keays alipiga teke ambalo mwamuzi wa golini alisema limegusa mlingoti. Halikugusa. Mitambo ya kukagua ilikuwepo, wakaguzi walikuwepo, ila mwamuzi hakuomba msaada wao na mchezo ukaendelea. Sydney wakashinda kwa pointi 1 na Adelaide wakakosa hatua ya mtoano. Mkuu wa ligi alikiri kosa hilo hadharani. Mimi, nikiwa shabiki wa Port, nilipaswa kufurahia masaibu ya majirani zetu wa mji mmoja, na sitadanganya kwamba sikutabasamu kidogo. Lakini kosa hilo lilikuwa na dawa, kwani mpira ama umegusa au haukugusa, na ligi baadaye iliwaruhusu wakaguzi kuingilia kati bila kungoja kuitwa. Kosa la kusoma nia halina picha ya marudio.

Yote haya yangekuwa mabishano ya kibaraza tu kama suala la nia lisingefika kwenye vichwa vya watu.

Kupigana vikumbo ni sehemu halali ya mchezo huu na zamani ndiko kulikokuwa fahari yake. Kwa miaka mingi aliyempiga mwenzake kikumbo hadi akazirai aliweza kujitetea kwamba aliulenga mwili na kichwa kikaingia njiani. Ligi imekuwa ikiifunga njia hiyo polepole: ukichagua kupiga kikumbo na ukakigusa kichwa, wewe ndiye utakayejibu. Hapo naiunga mkono bila kigugumizi. Ila Septemba 2023, katika mechi ya mtoano kati ya Collingwood na Melbourne, Brayden Maynard aliruka kuuzuia mpira uliokuwa ukipigwa na Angus Brayshaw, akashuka na bega lake likamgonga Brayshaw kichwani, naye akaanguka hana fahamu. Baraza la nidhamu lilimwachilia Maynard, kwani nia yake ilikuwa kuuzuia mpira. Collingwood wakatwaa ubingwa. Brayshaw hakucheza tena. Februari 2024, akiwa na umri wa miaka 28, alistaafu kwa ushauri wa madaktari. Baada ya hapo kanuni ikabadilishwa, kwamba anayeruka kuzuia mpira hivyo na kumgonga mwenzake atahesabiwa kuwa mzembe asipothibitisha kwamba alichukua tahadhari. Simlaumu Maynard binafsi. Nauliza tu kwa nini ubongo wa mtu mmoja ulitegemea tafsiri ya nia ya mtu mwingine aliyekuwa hewani.

Wanaosema mchezo unafanywa laini ningewaomba wamkumbuke Graham Farmer, mmoja wa magwiji wakubwa wa mchezo huo, aliyefariki mwaka 2019 na ambaye ubongo wake, ulipochunguzwa baada ya kifo, ulikutwa na ugonjwa unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara. Heather Anderson, wa ligi ya wanawake, alikuwa na miaka 28 tu alipofariki mwaka 2022, naye alikutwa na ugonjwa huo huo. Kwa sasa mchezaji aliyepatwa na mtikisiko wa ubongo hawezi kurudi uwanjani kabla ya siku 12 kupita, na wapo makocha wanaoona siku hizo ni nyingi.

Kisha kuna Aliir wetu. Julai 2023, katika mechi ya watani wa mji, aligongana kichwa kwa nguvu na mwenzake wa timu, Lachie Jones. Niliganda na sufuria mkononi. Baada ya muda nikamwona akirudi uwanjani, nami nikashangilia, jambo ambalo leo linanitia aibu, kwa sababu baadaye ilibainika kwamba hakuwa amefanyiwa kipimo kamili kinachotakiwa kwa mtu aliyegongwa kichwa. Klabu yangu ilitozwa faini ya dola 100,000 za Australia, nusu yake ikiahirishwa. Binamu yangu alinipigia simu akiwa na hasira dhidi ya ligi. Nilimwambia kwamba ningekuwa mkuu wa ligi, nisingeahirisha hata senti.

Nina sababu ya ukali huo. Nilipokuwa kidato cha tatu nilicheza raga, na katika mechi moja goti la mtu lilinigonga juu ya sikio. Nilimwagiwa maji kichwani, nikaulizwa jina langu, nikalitaja, nikarudishwa uwanjani. Kipindi cha pili chote sikikumbuki hadi leo. Wenzangu walinisimulia kwamba ndani ya basi niliwauliza matokeo mara nne, na kila waliponijibu niliwapongeza upya. Walicheka njia nzima, na mimi nilicheka pamoja nao bila kujua tunacheka nini.

Majeraha ya magoti siyaweki katika kesi hii. Alex Johnson alitwaa ubingwa na Sydney mwaka 2012, akaumia kano ya goti, akapasuliwa tena na tena, akarudi uwanjani Agosti 2018 baada ya karibu miaka 6, na katika mechi yake ya pili tu goti la upande wa pili likakatika. Unaweza kulia, lakini hakuna sheria ya kuandika hapo. Kwa kichwa ipo.

Jumapili iliyopita nilikuwa na filimbi yangu uwanjani. Kona ilipigwa, vijana wawili wakaruka, vichwa vikagongana kwa mlio ambao hata mama muuza miwa pembeni aliusikia. Mmoja aliinuka mara moja, mwingine akakawia, kisha akasimama akijifuta vumbi na kusema yuko sawa. Nilimtoa nje. Kocha wake alinijia mbio: "Refa, kijana amesema yuko sawa, na hakuna aliyemchezea vibaya, sasa unamwadhibu kwa nini?" Nilimjibu kwamba sijamwadhibu mtu, kisha nikamwomba amkalishe kivulini na ahakikishe hayuko peke yake. Alitii huku akinitusi mimi na ukoo wangu.

Mechi ilipokwisha nilikwenda kumwona. Alikuwa ameketi na chupa ya maji, akaniamkia vizuri na kuniuliza matokeo. Nikamwambia wametoka sare ya bao moja. Akatikisa kichwa kwa furaha, akanywa maji, akatazama uwanja kwa muda, kisha akanigeukia.

"Shikamoo, refa. Tumetokaje?"

Nikamwita kocha, nikamwambia atafute gari la kumpeleka hospitali.