Nilivyoikagua meli kwa simu kabla sijasaini mkataba

Hii nawaandikia mabaharia wenzangu mliopo Dar mnasubiri simu ya ajenti, maana najua hali inavyokuwa ukikaa nchi kavu muda mrefu, hela imeisha, mwenye nyumba anadai kodi, ajenti akipiga akasema kuna meli inataka oila (baharia wa injini rumu) unakubali hata jina la meli hujauliza. Mimi safari hii niliuliza. Na zaidi ya jina niliomba namba ya IMO, yaani ya lile shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa bahari.

Kwa ambao hamjaingia bahari kuu bado, hiyo ni namba ya tarakimu saba ambayo meli inapewa na inabaki nayo mpaka siku inakatwa chuma chakavu. Jina litabadilishwa, rangi itapigwa upya, bendera itashushwa ipandishwe ya nchi nyingine, mwenye meli atauza, lakini namba iko palepale. Tangu 1996 ni lazima kwa meli za mizigo zinazokwenda nje za ukubwa wa kuanzia tani 300 na za abiria kuanzia tani 100. Ndo maana jina peke yake halikutoshi kabisa, unaweza ukatafuta jina ukakuta meli safi kumbe limebandikwa juzi tu.

Ajenti hakufurahi, akaniambia "braza unataka kazi au unataka namba?" lakini akatuma. Kwanza nikaihakiki kama ni namba ya kweli, hii aliwahi kunifundisha sekandi injinia mmoja: chukua tarakimu sita za mwanzo, zidisha kwa 7, 6, 5, 4, 3, 2 kwa kufuatana, jumlisha zote, tarakimu ya mwisho ya hiyo jumla lazima ifanane na ile ya saba. Mfano 9074729, jumla inakuja 139, inaishia na 9, na namba inaishia na 9, basi imekaa sawa. Ukikuta haifanani ujue kuna mtu kakosea kuandika au anakudanganya.

Halafu nikaingia Equasis. Ni saiti ya bure, unajisajili kwa imeili na pasiwedi basi, ilianza mwaka 2000 baada ya wadau wa meli huko Ulaya kulalamika kwamba taarifa za usalama wa meli zipo ila zimefichwa huku na kule hakuna anayeziona. Ukiweka namba inakuletea mwenye meli, kampuni inayoisimamia, bendera, majina ya zamani, na kubwa kuliko yote, ukaguzi uliofanywa bandarini: tarehe, bandari, kasoro ngapi, na kama meli ilizuiwa kuondoka au la. Ukaguzi wenyewe unafanywa na nchi ambayo meli imetia nanga, nchi zimejigawa kwa makundi yenye makubaliano yao (ndo MoU), Ulaya wana Paris MoU ya tangu 1982, Asia na Pasifiki wana Tokyo MoU, na sisi Tanzania tupo kwenye ile ya Bahari ya Hindi iliyosainiwa Pretoria 1998.

Meli niliyoitiwa mimi ilikuwa na jina tofauti hapo nyuma, bendera imebadilishwa zaidi ya mara moja, kampuni inayoisimamia ni mpya, na imeshazuiwa bandarini. Nikafungua kasoro moja moja. Pampu ya moto ya dharura. Boti ya kuokolea. Mishahara ya wafanyakazi.

Nilikaa kimya kwanza. Mtu wa injini rumu akisoma kwamba pampu ya moto ya dharura haifanyi kazi anaelewa maana yake, kwasababu pampu kubwa za moto zipo mle mle injini rumu, moto ukianzia humo hizo hutazifikia, na umeme mkubwa utakuwa umekatika, kilichobaki ni hiyo pampu moja iliyowekwa sehemu nyingine yenye nguvu yake yenyewe. Ikiwa mbovu hamna maji, na katikati ya bahari hakuna zimamoto wa kupigiwa simu. Nikamjibu ajenti kwa heshima kwamba hiyo siendi, nikamtumia na skrinishoti, nikamwambia kaka usinielewe vibaya nina watoto.

Sasa msije mkaelewa kwamba kila meli yenye kasoro ni mbaya, hapana, hapo watu wengi wanapotea. Meli nzuri nayo inakaguliwa na inakutwa na mambo madogo madogo, taa imeungua, kitabu cha masaa ya kupumzika hakijajazwa vizuri. Na meli ambayo haina ukaguzi wowote haimaanishi ni safi, inawezekana inazunguka tu sehemu ambazo hakuna anayeigusa. Mimi naangalia kitu kinachojirudia. Kasoro ya moto leo, kasoro ileile bandari nyingine baada ya miezi, hapo kampuni haitengenezi, inapaka rangi.

Meli ya pili aliyonipa ajenti yuleyule (na namshukuru kwa hilo, hakununa) nayo ilikuwa na kasoro kwenye ukaguzi wa mwisho. Nikamuomba aulize kampuni ile fomu B, ndo karatasi ya ripoti anayoachiwa kapteni yenye orodha ya kasoro na namba ya alama (code) pembeni ya kila kasoro. 10 ni imesharekebishwa, 17 rekebisha kabla ya kuondoka, 30 ndo inayoizuia meli. Wakatuma PDF, na kila kasoro imefungwa kwa 10. Kampuni inayokutumia ripoti yake bila kuzungushana, kwangu mimi hicho ni kitu kikubwa kuliko mshahara wanaotangaza. Nikaangalia pia kwenye orodha ya mabaharia waliotelekezwa inayotunzwa na ILO (shirika la kazi duniani) na IMO, nayo iko wazi kwa kila mtu, meli haikuwepo. Nikasaini.

Nilipotoka melini tukaanzisha grupu la WhatsApp, wengi ni vijana waliomaliza Chuo cha Bahari pale mjini. Mtu akiitwa kazi anatupia namba ya IMO, mwenye bando anaangalia, anarudisha tarehe, bandari, kasoro. Tumekubaliana kuweka yale tu yaliyo wazi kwa umma, na linki yake, hakuna kumtukana ajenti wala kusema "nimesikia". Ukiweka uvumi mara moja siku ya pili hata ukweli wako hauaminiki.

Ila kinachoniuma ni cha hapa nyumbani. Meli ya chuma inayobeba makaa huko duniani naweza kuisoma historia yake nikiwa nimekaa Kigamboni, lakini mama yangu akipanda chombo cha kwenda visiwani hana pa kuangalia kilikaguliwa lini. Na sisi tumezika watu wengi. MV Bukoba 1996, Spice Islander 2011, Skagit iliyotoka hapahapa Dar tarehe 18 Julai 2012 ikazama karibu na Chumbe, MV Nyerere 2018 kule Ukara. Wakaguzi wapo na ripoti zinaandikwa, sisi tunaomba zifike kwa abiria. Tumeandika barua kupeleka ofisi inayohusika, tumeomba mambo manne: tarehe ya ukaguzi wa mwisho, idadi ya abiria wanaoruhusiwa, kasoro zilizokutwa, na zimerekebishwa lini. Viwekwe kwenye saiti, na vibandikwe pale dirisha la tiketi kwa maandishi ambayo mzee anayasoma bila miwani.